Nafasi Kando ya Uzio

Mwezi uliopita tulimzika Wambui. Baada ya maziko tulirudi nyumbani kwake Sugar Land, kando ya Houston, nyumba iliyojaa viatu mlangoni na sufuria za pilau zilizoletwa na watu wa kanisa lake. Kila aliyesimama kumzungumzia alimtaja Wambui nesi: alivyokaa na wagonjwa mahututi, alivyowashika mikono waliokuwa wakikata roho, alivyowapangia wenzake zamu bila kumwonea mtu. Binti yake alizungumza kwa Kiingereza, akalia, akaketi. Kisha mwenye kuongoza shughuli akanigeukia, akasema, "Sasa tumsikie Dada Zuhura, rafiki yake wa tangu ujana." Nikasimama. Nilitaka kuwaambia kwamba kabla ya sare za hospitali mwanamke huyu alikuwa akipanda farasi wa mbio, na kwamba mwaka mmoja mimi na yeye tuliona jambo ambalo hatukuwahi kumsimulia mtu. Nikatazama nyuso zile za upole, nikasema maneno mawili matatu ya kawaida, nikakaa. Tangu siku hiyo nimekuwa kama mtu aliyemeza kitu kikamkwama kifuani. Kwa hiyo nauandika hapa mwaka ule kama ulivyokuwa. Habari za nani alizaliwa wapi na wazazi wake ni kina nani naziacha, maana hazitatusaidia kitu.

Tulikuwa tukiishi Richardson, kando ya Dallas, chumba kimoja na sebule, ghorofa ya pili, karibu na chuo nilichokuwa nikisoma. Nyumba ilinuka vitu viwili: tangawizi ya chai yangu, na dawa ya kuchua farasi ambayo Wambui alijipaka mabegani, akisema kama inamfaa farasi kwa nini isimfae yeye. Buti zake zililala barazani, kwa sababu nilikataa kuziona karibu na msala wangu wa kuswalia. Tulikula ugali wa unga wa dukani uliokuwa laini mno, maharage, na mboga ya majani mapana ambayo Wambui aliikatakata na kuiita sukuma wiki ili moyo wake utulie. Alikula kidogo, kwa kuwa uzito ulikuwa sehemu ya kazi yake. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye viganja vya fundi seremala. Mashindanoni hakupanda, kazi yake ilikuwa kuwakimbiza farasi mazoezini asubuhi. Gari lilikuwa moja, lake, na kule bila gari hufiki popote. Ili nifike darasani ilinibidi niamke naye alfajiri, nikae mabandani mpaka amalize. Baada ya siku chache Bwana Harlan, mzee aliyekuwa akiwafundisha farasi wale, alichoka kuniona nimekalia ndoo nikisoma. Akanitia mkononi kamba ya farasi aliyekuwa akitiririka jasho. "Mtembeze mpaka apoe," akasema. "Usimvute wala usimwogope."

Farasi huyo alikuwa Shemasi. Jina lake kamili lilikuwa refu, la Kiingereza, lakini mabandani walimwita Deacon, na mimi na Wambui tukamtafsiri. Alikuwa dume aliyehasiwa, wa rangi ya kahawa iliyoungua, mwenye umri wa miaka kumi, na kwa farasi wa mbio huo ni uzee hasa. Wengi aliozaliwa nao walikwisha kusahaulika. Juu ya macho yake palikuwa na mashimo, kama ya mtu aliyeugua muda mrefu, na magoti yake ya mbele yalikuwa na vinundu ambavyo tulivizamisha kwenye maji ya barafu kila siku. Ukimtazama akisinzia, mdomo wa chini umening'inia, ungedhani anangoja kufa. Lakini alikuwa bado anakimbia mbio fupi, zile za dakika moja na ziada kidogo, na alikuwa bado anawashinda farasi ambao wangeweza kuwa wajukuu zake.

"Unajua kwa nini yeye ni mkubwa?" Bwana Harlan aliniuliza asubuhi moja, tumeegemea uzio mweupe wa kiwanja. Alikuwa mtu mrefu, mwenye Kiingereza cha kuburuta na kofia aliyoivua kwa nadra.

"Ana kasi," nikasema.

"Wote hawa wana kasi. Asiye na kasi halishwi hapa. Mtazame akiwa ndani ya geti."

Nikajifunza kumtazama. Kwenye mbio fupi farasi huingizwa kila mmoja kwenye kichumba chake cha chuma, kisha milango yote hufunguka kwa mpigo. Farasi wachanga humo ndani hutetemeka, hupiga mateke, hugeuza shingo; nguvu zao humwagika kabla hata ya safari kuanza. Shemasi aliingia kama mtu anayeingia msikitini. Alipanga miguu, akashusha kichwa kidogo, akaacha kupumua kwa kelele. Milango ilipofunguka alikuwa tayari ameshaondoka, na wenzake bado walikuwa wanashangaa. Bwana Harlan alinieleza pia kuwa watu hudhani farasi mkubwa wa mbio fupi huongeza mwendo mwishoni. Si kweli, mwishoni wote wamechoka na wote wanapungua, na mkubwa ni yule anayepungua polepole kuliko wengine. "Kijana hukimbia kwa hofu," alisema, "na hofu huisha njiani. Huyu mzee anajua mstari wa mwisho uko wapi." Hata leo, nikiwa na umri ninaouona magotini mwangu, hilo ndilo fundisho pekee la mwaka ule ninaloweza kulitaja mbele za watu bila kuona haya.

Shemasi alikuwa na mwenzake, farasi jike mdogo kwake kwa miaka mingi, mwenye mstari mweupe uliotoka kipaji hadi puani. Tulimwita Utepe. Vibanda vyao vilipakana, na wakati wa mazoezi walikimbizwa pamoja: Utepe ndani, kando ya uzio, Wambui akiwa mgongoni, Shemasi nje, ubavu kwa ubavu, na mpandaji mwingine. Jike yule alikuwa mwoga wa kila kitu, wa mifuko ya plastiki, wa vivuli, wa njiwa, lakini akiwa kati ya uzio na Shemasi alitulia. Mzee alikuwa ukuta wake. Wambui alinisimulia jikoni, akigeuza chapati kwa vidole, kwamba akiwa juu ya Utepe kwenye kona alisikia pumzi za farasi wote wawili zikiingia na kutoka pamoja. "Zuhu, hata mimi napumua hivyo hivyo," alisema. "Sipangi. Inakuja tu." Nilimwambia aache kunitisha. Akacheka, akanipa chapati ya kwanza.

Mwanzoni mwa majira ya joto, asubuhi ambayo jua lilikuwa limeshapanda na majukwaa yote ya watazamaji yalikuwa matupu, nilikuwa nimesimama karibu na kona ya mwisho na ndoo ya maji. Niliwaona wakija, wawili kama mmoja. Kisha nikasikia mlio. Ulikuwa mdogo, mkavu, kama kijiti cha kuwashia jiko kinapovunjwa. Utepe alizama mbele. Wambui alipaa juu ya shingo yake, akaanguka, akabiringika hadi chini ya uzio, akalala hapo. Nilikimbia. Wambui alikuwa macho, uso wa kijivu, bega limekaa mahali ambapo bega halikai. "Niache mimi," aliniambia. "Angalia Utepe." Nikageuka. Jike yule alikuwa akijaribu kusimama juu ya mguu ambao haukuwa tena mguu. Watu walikuja na gari, wakaja na pazia la kijani, wakalizungusha kama wanavyozungusha pazia hospitalini, na daktari wa wanyama akaingia ndani yake na mkoba. Nikasema *inna lillahi*, ingawa sikujua kama hilo husemwa juu ya farasi.

Jambo ninalolikumbuka zaidi ni Shemasi. Mpandaji wake alikuwa amemsimamisha mbele kidogo, akashuka. Farasi yule aligeuka mwenyewe, akarudi mpaka kwenye pazia, akasimama kimya upande wa nje. Walimvuta, akakataa. Walimsukuma. Hakupiga teke, hakulia. Alisimama vile vile kama alivyosimama getini, miguu imepangwa, kichwa chini, pumzi imezuiwa. Wakati uleule daktari alipotoka na kulikunja pazia, Shemasi akaachia pumzi moja ndefu, akafuata kamba kama mwanakondoo. Lakini aliacha nafasi. Njia nzima hadi mabandani alitembea mbali na uzio, na kati yake na uzio palikuwa na upana wa farasi mmoja.

Nafasi hiyo haikuondoka. Kila alipopelekwa mazoezini aliiacha. Ukimsogeza kando ya uzio alijipinda, akatoka, akarudi kwenye njia yake. Farasi mwingine alipojaribu kupenya ndani, Shemasi, ambaye hakuwahi kumng'ata hata nzi, alilaza masikio na kumfukuza. Alikimbizwa kwenye mashindano mara mbili katika joto lile. Alitoka getini wa kwanza, kisha kwenye kona akatanuka nje, akapoteza ardhi yote aliyoichuma, na farasi wasiostahili hata kumfunga kamba wakampita. Nikasikia wafanyakazi wakizungumza nyuma ya marobota ya nyasi, wakidhani sipo. Mmoja alisema mzee amepata kichaa. Mwingine akasema, "Si kichaa. Anampa mtu njia."

Wambui alikuwa amevunjika mtulinga na mbavu. Hakuweza kujivisha nguo wala kuchana nywele. Chuo kilikuwa kimefungwa kwa likizo, nikaenda naye Sugar Land kwa binamu yake, Mama Njeri, nesi mwenye nyumba safi ya zulia jeupe na picha za mahafali ukutani. Alitupokea kwa moyo mweupe, lakini alikuwa na nia yake. Nilisikia mazungumzo yake ya simu jikoni, akikaanga vitunguu: "Huyu mtoto lazima aache hao farasi. Nimemwambia a-apply nursing, ana akili. Ati anasema atarudi kupanda! Atarudi akiwa kwa sanduku?" Jioni watu wa maombi walikuja, wakakaa kwenye duara, wakamwekea Wambui mikono kichwani. Wambui alishukuru, akala githeri yake ya mahindi na maharage, akaenda kulala. Lakini nilijua halali, kwa sababu tulishiriki chumba, na nilimsikia akipumua kwa mpangilio usio wa mtu aliyelala wala wa mtu aliye macho. Ulikuwa mpangilio wa mwendo.

Ndipo Bwana Harlan alipopiga simu. Alikuwa na dada mwenye malisho kusini magharibi ya Houston, si mbali na nyumba ya Mama Njeri, na alikuwa amempeleka Shemasi huko apumzike. Dada yake alikuwa mzee, hamwezi farasi. Je, tungeweza kumwangalia? Wambui alikubali kabla hajamaliza swali. Mama Njeri akauma midomo, akatufungia chai kwenye chupa.

Malisho yale yalikuwa tambarare kabisa, nyasi zimeungua rangi ya mkate, uzio wa mbao umezunguka pande zote na upande mmoja umepinda taratibu kufuata mfereji. Hapakuwa na mti wala upepo. Mchana joto lilikuwa zito kiasi kwamba hata wadudu walikaa kimya. Siku za kwanza tulimpa Shemasi maji, tukamkagua kwato, tukaketi ndani ya gari milango wazi. Alikula kama ng'ombe wa maskini. Kisha siku moja, jua likiwa limeanza kuinama, aliacha kula. Akatembea polepole hadi pembe ya mbali ya malisho, akageuka, akapanga miguu. Akashusha kichwa.

"Wambui," nikasema.

"Naona."

Alisimama hivyo kwa muda ambao sikuweza kuupima. Hakukuwa na geti. Hakukuwa na mlango wa kufunguka. Lakini kitu kilifunguka, kwa sababu aliondoka. Sijawahi kuona kitu kama hicho, mnyama peke yake, bila mtu mgongoni, bila anayemfukuza, akikimbia kwa nguvu zake zote kando ya uzio uliopinda, na kati yake na uzio pakiwa na nafasi, pana kwa farasi mmoja, isiyopungua wala kuongezeka kwenye mpindo wote. Masikio yake hayakuelekea mbele. Sikio moja lilielekea ndani, kwenye ile nafasi, kama unavyomsikiliza mtu anayezungumza nawe mkitembea. Alifika mwisho, akapunguza, akarudi kula.

Alifanya hivyo siku iliyofuata, na iliyofuata. Nyasi kavu zikaanza kukatika, pakatokea njia ya vumbi alikopita. Hilo nililitegemea. Lakini kabla ya wiki kwisha nilitembea kando ya uzio nikichunguza mbao zilizolegea, nikaona ninakanyaga vumbi. Nikainua macho. Njia zilikuwa mbili. Moja yake, na nyingine ndani yake, sambamba, imekumbatia uzio, nyasi zimelazwa upande mmoja kwa mwelekeo wa mbio. Nilitafuta alama za kwato nisizione, nikajiambia labda upepo wa jana umezifuta. Jana hapakuwa na upepo. Nilirudi garini nikisoma Ayatul Kursi, na sikumwambia Wambui kitu. Sikuwa na haja. Alikuwa ameshaiona siku nyingi.

"Leo nitasimama pale," akasema.

"Pale wapi?"

"Ndani. Kati ya njia zao."

"Wambui, mkono mmoja umefungwa. Akikuparamia utafanya nini?"

"Hawezi. Zuhu, tafadhali, wacha hiyo maneno. Mimi nilikuwa juu yake. Nataka kujua kama ananilaumu."

Sikuuliza anamzungumzia farasi yupi. Nilimshika mkono mzima, akauondoa kwa upole, akaenda. Alisimama katikati ya mpindo, kwenye pengo kati ya zile njia mbili, mgongo wima, kitambaa cha bega kikionekana cheupe kwa mbali. Shemasi alikuwa kwenye pembe yake ya mbali, ameshashusha kichwa. Akaondoka. Nilimwona akikua, nikaisikia ardhi. Alipita upande wa kulia wa Wambui karibu kiasi cha kumpepea nguo, na nguo ikapepea. Kisha ikapepea tena, upande wa kushoto, upande wa uzio, na mbao za uzio zikalia moja baada ya nyingine kama mtu anapopitisha fimbo juu yake akikimbia. Wambui hakuanguka. Aligeuka polepole kuangalia walikoelekea. Nilipomfikia alikuwa na machozi mpaka kidevuni lakini uso ulikuwa umetulia, uso ambao sikuwa nimeuona tangu ajali.

"Halaumu," akasema. "Anataka tu kumaliza. Hawakumaliza, si unajua? Walikuwa bado kwa kona."

Nimetumia miaka mingi ya utu uzima nikijaribu kulifanya jambo hili liwe dogo. Nimesema joto. Nimesema huzuni, na njaa ya Wambui, na usingizi tuliokosa. Nimewaona watu wazima, wenye vyeo na magari, wakiwawekea sahani mezani wapendwa waliokwisha kuondoka, na hatuwaiti wendawazimu. Labda farasi naye huomboleza kwa kitu pekee anachokijua, na alichokijua Shemasi kilikuwa kukimbia na kuwa ukuta. Hilo linaeleza mengi. Halielezi mbao za uzio.

Majira yalipobadilika, nami nikiwa nimeahirisha muhula mmoja wa chuo ili nibaki na Wambui, Bwana Harlan alikuja kwa gari lake la kuvuta farasi. Mashindano ya kipupwe yalikuwa yanaanza Houston, na mwenye farasi alikuwa ameishiwa subira: ama mzee akimbie vizuri, ama auzwe kwenye mnada, na sote tulijua farasi wa umri ule wakitoka mnadani huishia machinjioni. Bwana Harlan alilisema hilo akitazama buti zake. "Hakuna mpandaji anayeweza kumsogeza kwenye uzio," akasema. "Nimejaribu wote."

"Hujanijaribu mimi," Wambui akajibu. Bega lilikuwa limepona, ingawa lilipona likiwa chini kidogo ya jingine. Nyumbani Mama Njeri alilia, akasema Mungu hajaribiwi. Wambui alimpigia magoti, mwanamke mzima, akamwambia, "Dada, nipe hii moja tu. Baadaye nita-apply, nitavaa hiyo uniform. Naapa."

Asubuhi ile uwanja wa Houston ulikuwa umefunikwa na ukungu mzito unaotoka ghuba, mweupe, wenye unyevu unaokaa kwenye kope. Kulikuwa kumekucha lakini hukuona jukwaa, hukuona hata upande wa pili wa kiwanja. Bwana Harlan alimpandisha Wambui mwenyewe. Shemasi alisimama kimya, na Wambui akamwinamia sikioni, akamwambia kitu kwa Kikuyu. Kisha wakatembea ndani ya ukungu, ukawafunga kama mlango. Kiwanja kilikuwa kimeachiwa wao peke yao. Bwana Harlan alikuwa amewaomba wengine wangoje, nao walikuwa nyuma yetu, juu ya farasi wao, wakivuta shingo zao juu.

Tukangoja. Nikasikia mwendo upande wa mbali, kwanza kama moyo wako mwenyewe, kisha wazi. Mimi nilikuwa nimewatembeza farasi kwa mwaka karibu mzima. Nilijua farasi mmoja anasikikaje. Huyu hakuwa mmoja. Kwato zilikuwa mbili mbili, zimefungamana, zikipishana kwa kitambo kidogo kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Nilimtazama Bwana Harlan. Alikuwa ameshika uzio kwa mikono yote miwili. Nyuma yetu farasi mmoja akalia, na mwingine akajibu. Sauti ikaingia kwenye kona, ikaongezeka, ikawa inatujia, na hapo, katikati ya kona, ikageuka. Siwezi kusema vinginevyo: ilikuwa mbili, ikawa moja. Shemasi akachomoza kutoka kwenye weupe ule akiwa ameubana uzio, ubavu wake karibu ugusane nao, masikio yote mawili mbele, na juu yake Wambui ametulia kama jiwe juu ya maji. Wakatupita. Hakukuwa na nafasi. Hata kiganja kisingepita.

Bwana Harlan alivua kofia. Nilifungua mdomo.

"Usiniulize," akasema. "Nimefanya kazi hii maisha yangu yote. Usiniulize."

Wambui alirudi akimtembeza, mvuke unatoka kwenye miili yao wote wawili. Alishuka, nikamshika. Alikuwa akitabasamu na midomo yake ilikuwa imepauka kwa baridi.

"Imekuwaje?" nikamnong'oneza.

"Tuliachana kwa kona," akasema. "Yeye ameenda. Sisi tukaendelea."

Shemasi alikimbia mashindano yake ya mwisho mwanzoni mwa mwaka, siku chache baada ya kuhesabiwa umri mpya, kwa maana farasi wote wa mbio huongezewa mwaka siku moja, mwaka unapoanza. Hakuwa Wambui aliyempanda siku hiyo, bali mpandaji wa mashindano. Sisi tulisimama kwenye uzio, na Mama Njeri, ambaye alikuja akisema amekuja kutuombea tu, alikuwa ameshika mkono wangu hadi vidole vikafa ganzi. Watazamaji walikuwa wachache, mvua ilikuwa inanyunya. Alitoka getini kabla ya wote. Alichukua uzio, akaukumbatia kona nzima bila kupoteza hata unyayo, na walipoingia sehemu ya mwisho iliyonyooka nilimwona amechoka. Alikuwa amechoka kweli. Mkia ulishuka, hatua zikafupika. Farasi kijana wa kijivu alikuja nje yake, mwenye nguvu, akamfikia shingoni, akamfikia kichwani. Hapo nikaona kwa macho yangu alichonifundisha Bwana Harlan. Mzee hakuongeza kitu. Alikataa tu kupungua, na yule wa kijivu akawa anakuja, anakuja, mpaka Shemasi akavuka mstari wa mwisho mbele yake, yeye bado anakuja. "Yesu wangu!" Mama Njeri alipiga kelele, akaniachia mkono, akamkumbatia Bwana Harlan, mtu ambaye hakuwahi kumsalimia. Wambui hakupiga kelele. Alimtazama Shemasi akirudi, akamwangalia miguu yote minne, mguu baada ya mguu, kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Sasa amemaliza. Na mimi pia." Hakupanda farasi tena. Mwezi uliofuata alianza masomo ya uuguzi, na aliyapenda kwa namna iliyowashangaza wote isipokuwa mimi.

Bwana Harlan alimnunua Shemasi kutoka kwa mwenye farasi ili asikanyage mnada, akampa kazi nyingine. Nilikwenda kumwona mara ya mwisho nilipokuwa narudi Dallas kuendelea na chuo. Ilikuwa mchana mkavu, kwenye kiwanja kidogo cha mafunzo, na walikuwa wanamfundisha jike mchanga kusimama getini kwa mara ya kwanza. Alikuwa akijipigiza kwenye chuma, macho yametoka, povu mdomoni, na watu watatu hawakuweza kumtuliza. Wakamleta Shemasi, wakamwingiza kichumba cha pembeni. Aliingia, akapanga miguu, akashusha kichwa. Sikuona akimgusa yule mdogo wala kumgeukia. Alisimama tu, akipumua, na kidogo kidogo kelele za chuma zikapungua, zikakoma, mpaka nikasikia pumzi zao. Kisha milango ikafunguka kwa mpigo. Jike yule akachomoka kama risasi, mchanga ukaruka, watu wakashangilia. Shemasi alibaki amesimama. Njia ilikuwa wazi mbele yake, nyeupe kwa jua, na hakukuwa na mtu aliyemshika. Akamtazama mdogo akienda hadi alipokuwa doa, akapiga mwayo, kisha akatoka kwa mwendo wa kutembea, akaja mpaka nilipo, akaniinamishia kichwa nimvue hatamu.